Mahali pa kale, magurudumu na vidole: ndugu zetu walemavu na mabaki ya wazee katika Kivu

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya mahari, juu ya ngoma na juu ya uvuvi wa ziwani. Sisi tumechagua jambo ambalo pengine litakushangaza: mahali pa kale, yaani pale wazee wa wazee wetu walipoacha vyungu, chuma na mifupa yao, na watu wanaoishi na ulemavu. Wanafikaje pale? Wakifika, wanaona nini? Na yule asiyeona, anapata nini?

Kuko watu watakaocheka. Tumekwisha kusikia mmoja akisema: «Mahali penyewe hapana hata njia ya mbuzi, nanyi mnaongea habari ya kiti cha magurudumu!» Neno lake si la bure, na tutalirudilia chini. Lakini kwanza tukumbuke tunaongea juu ya nini, sababu wengi wetu tunafikiri kwamba mambo ya kale yako Misri na Ugiriki, kumbe yako hapa mlangoni.

Minova iko mpakani. Upande huu ni Buhavu, usultani wa wilaya ya Kalehe; ukitembea kidogo kufuata barabara ya Goma umeingia Buhunde, wilaya ya Masisi. Mwaka 1954 watafiti wawili, Jean Hiernaux, aliyekuwa daktari, na Emma Maquet, walichapisha habari ya tanuru la kale la kuyeyushia chuma lililoonekana katika Buhunde. Miaka ya 1957 na 1960 walitoa kazi kubwa zaidi juu ya zama za chuma katika Ruanda-Urundi na Kivu. Jina la Bishange, ambalo kila mtu wa Minova analijua kwa soko na kwa mashamba, linatajwa katika maandiko ya wataalamu wa vyungu vya zama zile. Wanafunzi wetu wanapita pale kila juma wakienda kutafuta maharagwe, na hawajui.

Vyungu vyenyewe vinaitwa vya Urewe, jina la mahali pamoja katika Kenya, karibu na ziwa Victoria. Vilielezwa kitabuni mwaka 1948 na Mary Leakey, W. E. Owen na Louis Leakey. Vilitumika pande za maziwa makubwa tangu miaka kama 2500 iliyopita, na vina alama moja ambayo haipotei: chini kabisa, kwenye kitako, mfinyanzi alibonyeza udongo ukingali mbichi, akaacha kashimo kama ka kidole gumba. Ndiyo sababu mwanzoni wataalamu waliviita vyungu vyenye kishimo kitakoni. Tunaomba msomaji akumbuke kashimo hako, maana ndiko katakakotusaidia mbele.

Halafu kuko Ishango. Hapo ni kaskazini, wilaya ya Beni, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard, ndani ya Mbuga ya Virunga. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale akakuta mfupa mdogo, urefu wake kama sentimita 10, wenye kipande cha jiwe la kwazi kwenye ncha na alama nyingi zilizokatwa kwa makundi, katika mistari mitatu. Leo wataalamu wanaupa umri wa miaka kama 20.000 au zaidi. Wako waliosema ni mchezo wa hesabu, wako waliosema ni kalenda ya mwezi, ubishi haujaisha. Mfupa wenyewe uko Bruxelles, katika makumbusho ya elimu ya viumbe, ndani ya kioo.

Basi tuhesabu. Mtu wa Minova, hata mwenye miguu miwili mizima na macho mawili, anafikaje kwenye mfupa wa Ishango? Anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Na kufika Ishango penyewe? Barabara ya mbali, mbuga ambayo UNESCO iliiandika katika urithi ulio hatarini tangu 1994, na vita visivyomalizika. Hapa kwetu vita vilifika tena mwezi wa Januari 2025, na wengi walikimbia wakiacha hata vitabu. Kwa hiyo yule aliyecheka anasema: sisi wote ni walemavu mbele ya Ishango, mngoje kwanza barabara na amani.

Hatukubali. Ni kweli wote tumezuiwa, lakini hatukuzuiwa sawasawa. Siku barabara itakapofunguka, mwenye miguu ataenda kwa moto, na yule anayetambaa au anayesukuma kinga ya magurudumu matatu atabaki hapa anasimuliwa. Tumeona jambo hili kwa macho. Shule moja, hatutaitaja, ilipeleka wanafunzi kutembelea mahali pa historia. Msichana mmoja anayetembea kwa mikongojo, aliyepooza mguu kwa polio utotoni, alilipa mchango wake kama wengine. Asubuhi ya safari walimrudishia feza yake, wakamwambia njia ni mbaya, atachelewesha wenzake. Mtihani ulipokuja, swali la kwanza lilihusu safari ile. Msichana alijibu vizuri, sababu alikuwa ameazima daftari la rafiki. Watu wakamsifu kwa akili. Sisi tuliona aibu, si kwa ajili yake.

Tufungue mabano kidogo juu ya maneno. Kiswahili chetu kinaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli moja na kiti na kijiko. Siku hizi watu wa vyama wanapenda kusema «mtu anayeishi na ulemavu», na serikali pia. Tunatumia yote mawili, ya zamani na ya sasa, bila nia mbaya. Wenyewe, tulipowauliza, walituambia kwamba jina si shida yao kubwa, shida ni ngazi.

Na ngazi ziko pote. Wenzetu wa pwani, ambao wana mahali pa kale panapojulikana kote ulimwenguni, nao wanapambana. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 ili watu wasiingie kwa urahisi, na bado inafanya kazi hiyo vizuri: ngazi za mawe za kupanda kwenye kuta hazikumfikiria mtu wa kiti cha magurudumu. Kilwa Kisiwani, mji wa masultani wenye msikiti mkubwa wa kale, ni kisiwa. Lazima upande chombo cha bahari kwanza. Michoro ya Kondoa katika Tanzania, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, iko kwenye miamba ya vilima, na kupanda ni kwa miguu. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yaliyoingia orodha hiyo mwaka 2024, yana bahati: ardhi yake ni tambarare. Pale adui ni mizizi ya miti tu, na mzizi mtu anaweza kuufunika kwa mchanga au kwa ubao.

Hata Ulaya, penye feza, si kazi nyepesi. Athens waliweka lifti ya kupandisha walemavu kwenye mlima wa Acropolis mwaka 2004, wakati wa michezo ya Olimpiki na ya Paralimpiki, na mwaka 2020 wakaweka nyingine mpya. Waliongeza njia pana ya betoni, na ubishi mkubwa ukazuka: wako waliosema wameharibu mahali patakatifu pa wazee wao, wako waliosema heri sasa kila mtu anapita. Ubishi huo tunauheshimu. Mahali pa kale pakiharibiwa hapajengwi tena, na betoni haiondoki kwa majuto.

Lakini tazama tofauti. Wagiriki walikuta mawe na ngazi za miaka elfu mbili na zaidi, na wakapaswa kutafuta namna ya kupenya. Sisi katika Kivu hatujajenga kitu. Huko Bishange hakuna lango, hakuna ngazi, hakuna kibao. Mara mingi tunalia juu ya umasikini huo, lakini kwa jambo hili moja ni bahati: njia ikichorwa leo, ichorwe kwa mzunguko mpole wa kilima, ipandishwe kidogo kidogo kama njia ya maji, na iwe pana kiasi cha kinga ya magurudumu matatu kupita. Haidai betoni. Inadai changarawe, mtaro wa kutoa maji ya mvua, na mtu wa kuitengeneza kila mwaka. Kurudia kazi baadaye ndiko kunakokula feza. Watu wa Goma waliozoea kusukuma chukudu yenye magunia ya makala wanajua kilima gani kinapandika na kipi hakipandiki. Hao ndio tungewaita kwanza kabla ya injinia. Na walemavu wenyewe, wale ambao kwa miaka mingi wamejulikana kwa kuvusha bidhaa kati ya Goma na Gisenyi kwa vinga vyao, hawahitaji mtu wa kuwafundisha juu ya njia.

Hiyo ni miguu. Macho ni habari nyingine, na hapo ndipo tulipojifunza zaidi.

Desturi ya makumbusho ni kusema: usiguse. Inaeleweka, kwa maana jasho la mikono elfu moja linakula mfupa na chungu. Lakini asiyeona, ukimkataza kugusa, umemfungia mlango. Ataambiwa: hapa mbele yako kuko chungu. Anaweza kuambiwa hivyo hata nyumbani. Dawa inayojulikana ni mfano, yaani nakala iliyotengenezwa ili ishikwe. Athens kuko makumbusho ya vipofu tangu 1984, imejaa nakala za sanamu za kale, na kila mgeni anaruhusiwa kugusa.

Kuko wenye kiburi wanaosema: nakala ni kitu bandia, mnawadanganya. Tunawajibu kwa Laetoli. Kule Tanzania, mwaka 1978, kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka milioni 3,6 iliyopita, mstari wa mita kama 27. Upepo, mvua na mizizi vikaanza kuziharibu. Mnamo 1995 na 1996 wataalamu walizifunika tena kwa mchanga na mawe ili zipone. Tangu pale watalii, matajiri wenye macho mazima, wanatazama nakala yake katika makumbusho ya Olduvai, na hakuna aliyelia kwamba amedanganywa. Wafaransa nao walifunga pango la Lascaux mwaka 1963, na tangu 1983 watu wanapanga mistari kuingia katika pango la kuigwa. Kama nakala inamfaa anayeona, itamfaa zaidi asiyeona.

Tulijaribu wenyewe, kwa namna ya kimasikini. Tulimwomba mama mmoja mfinyanzi, Mutwa wa pande zetu (na kila mtu anajua kwamba kando ya ziwa hili Watwa ndio mafundi wa udongo), atufinyangie chungu kidogo, na kabla hakijakauka abonyeze kidole gumba chini. Alituuliza kwa nini tunataka kuharibu chungu kizuri. Tukamweleza. Akacheka, akabonyeza, halafu akasema chungu cha namna hii kingekaa vizuri juu ya kidole ukikizungusha. Hilo hatukulisoma katika kitabu chochote, na hatujui kama ndivyo walivyofanya wa kale, lakini tumeliandika.

Kwa mfupa wa Ishango tulichukua mfupa wa mguu wa ng'ombe, tukachemsha, tukaukausha na kukata alama kwa kisu na msumeno mdogo. Ulitoka mkubwa zaidi ya mara mbili ya ule wa kweli, sababu mikono yetu haikuweza alama ndogo kama zile. Wa kale walituzidi, inabidi kukiri. Mstari mmoja una makundi ya alama 11, 13, 17 na 19. Wa pili 11, 21, 19 na 9. Na kila mmoja ukijumlisha unapata 60. Mstari wa katikati una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla yake 48.

Tulimpa kijana mmoja asiyeona tangu utoto, ndugu ya mwanafunzi wetu, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili. Hatukumwambia hesabu. Wanafunzi wanaoona tuliwafunga macho kwa vitambaa ili washindane naye, na wao walipotea mara moja, wakaanza kubishana. Yeye alipitisha ukucha polepole, akarudi nyuma, akapitisha tena. Alipokuwa katika mstari wa katikati alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: «Mwalimu, huyu mutu alikuwa anafanya mara mbili. Tatu, sita. Ine, munane. Apa tena kumi, tano, ile amekata katikati.»

Ndugu msomaji, jambo hilo wataalamu wameliandika katika majarida makubwa. De Heinzelin mwenyewe alilieleza mwaka 1962. Na kijana huyu alilipata kwa ukucha, katika nusu saa, juu ya mfupa wa ng'ombe wa soko la Minova. Kisha tulimpa chungu. Alikigeuza mara moja, akaweka kidole gumba katika kashimo na kusema: «Hii haiko chungu ya kwetu. Yetu haina kashimu ku kitako.» Yaani alitenga zama moja na nyingine kwa alama ileile wanayotumia maprofesa.

Hapo tulielewa kitu. Vitu vikubwa viwili vya kale vya pande zetu, mfupa wa Ishango na chungu cha Urewe, vyote vinasomwa kwa vidole. Aliyekata alama zile pengine alizihesabu gizani, kando ya moto uliokwisha kuzimika. Ni sisi tuliovifanya vitu vya macho, kwa kuvifungia katika kioo na katika picha za vitabu ambazo, tuseme kweli, katika fotokopi za shule zetu hata mwenye macho haoni kitu.

Kwa viziwi njia ni nyingine. Mfupa na chungu watavishika na kuviona, lakini maelezo yanawapita. Mtu anayeongoza wageni mara mingi anaongea akiwa amegeuza mgongo, anaonyesha kilima. Picha zenye maandishi mafupi zinasaidia kwa wanaosoma. Shule na vituo vinavyofundisha lugha ya ishara, kama vile Heri Kwetu kule Bukavu, vina watu ambao wangeweza kupanga pamoja ishara za tanuru, chungu na chuma, ili kila mkalimani asijitungie zake.

Kuhusu sheria, hatutakawia. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 46, inaipa serikali kazi ya kulinda urithi wa utamaduni, na katika kifungu cha 49 inawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa namna inayowafaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 juu ya haki za walemavu, ambao Kongo iliuingia mwaka 2015, unataja katika kifungu cha 30 kufika kwenye makumbusho na mahali pa utamaduni. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inahusu walemavu peke yao. Maandishi hayakosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kwa msimamizi wa mahali fulani na kumwuliza kwa adabu: baba, mlango wenu una upana gani?

Mtu mmoja wa kinga, mzee mwenye watoto wakubwa, alitusikiliza siku ile tukisifu nakala zetu, na akatukatiza. Alisema nakala ni nzuri kwa watoto wa shule, lakini yeye anataka kufika. «Hata kama kule kuko majani tu, miye pia nikae pale nisikie upepo wake.» Tuliona ana haki. Nakala inaleta kitu kwa mtu, haimleti mtu mahali. Kwa hiyo tunasema yote mawili: vitu vya kushika vitengenezwe sasa, maana udongo na mifupa tunavyo, na njia zichorwe vizuri kabla mtu hajamwaga jiwe la kwanza.

Tuna ombi moja la haraka. Wanaolima vilima vya Buzi, vya Bishange na ng'ambo yake wanakuta mara nyingine mavi ya chuma, yale mawe mazito meusi yenye matundu, na vipande vya vyungu vyenye mistari. Msiyatupe mtoni wala kuyajengea msingi wa choo. Yaacheni palepale, mkumbuke jina la kilima na la shamba, mje mtuambie shuleni. Na mtuambie pia kama kinga inaweza kufika pale wakati wa kiangazi. Mfupa wetu wa ng'ombe na chungu viko katika kabati la chumba cha walimu. Mzazi mwenye mtoto asiyeona aje naye siku ya posho baada ya saa sita. Mama mfinyanzi amekubali kufinyanga vingine vitatu. Safari hii alisema kidole gumba atabonyeza bila kuulizwa.